Kulala Juu ya Maji

Nilizaliwa hatua arobaini kutoka ziwani, hapa Igombe,
na kwa miaka arobaini na sita
maji yalinijua miguu tu.

Alfajiri mitumbwi ya dagaa ikirudi na karabai zimefifia,
nilivua kandambili, nikaingia hadi magotini,
nikapokea mzigo, nikageuka.
Wenzangu walifika kiunoni, wakachagua kwanza.
Mimi nikachukua waliobaki
na kusema nawapenda hao hao wadogo.

Baba alivua miaka thelathini bila kujua kuogelea.
Si ajabu huku.
Wanaume waliokuwa wakishona nyavu siku ile walikuwa saba,
walikuwa na kamba, na mitumbwi miwili imepinduliwa juani,
na Masalu alikuwa mbali kadiri ya mlango huu hadi jikoni.
Walimwita. Wote walilijua jina lake.
Usiku ule Mama alinifunga uzi mweusi kiunoni, akasema:
ziwa lina mdomo, halina masikio.

Sasa Ng'walu, binti wa kaka yangu, darasa la sita,
amerudi na jambo walilofundishwa
na dada mmoja mwenye filimbi, nyuma ya yale mawe makubwa.
"Shangazi, nitakufundisha. Bure."
Akafikiri kidogo.
"Basi, kwa chapati mbili."

Jumapili, watu wakiwa ibadani,
nikavaa bukta ya kaka na jezi ya Pamba iliyotoboka kwapani,
mama wa watoto wanne,
nimekumbatia dumu tupu la lita ishirini
kama aliyetumwa kuchota akasahau njia ya kurudi.

Magotini, napajua.
Mapajani, nikakumbuka nimeacha maharage motoni.
(Sikuwa nimeacha maharage.)
Kifuani, baridi ikanibonyeza
kama mnunuzi anavyombonyeza sangara kabla hajataja bei.

"Sasa lala," akasema mtoto.
Nilale wapi?
"Hapo hapo."

Nikalala kama linavyolala gunia la mahindi.
Maji puani, maji kooni, mikono inakata hewa,
kucha zangu zikampata mtoto shavuni.
Nikaibuka nakohoa, nasema imetosha, mwanangu, imetosha,
si unajua, mfa maji haachi kutapatapa.

Akajipangusa damu kwa kiganja, akaitazama.
"Ndiko kunakomuua, shangazi.
Huko kutapatapa."

Miaka yote tumeisema methali ile
matangani, kwenye madeni, kwenye ndoa za watu,
na hakuna aliyewahi kuisikia kama maelekezo.

Jumapili ya pili sikwenda. Ya tatu ilinyesha, nikashukuru.
Ya nne aliweka chini ya kisogo changu
kiganja kidogo chenye madoa ya wino.
"Ingiza masikio."
Hilo ndilo nililoliogopa kuliko kina.
Nilidhani huko chini nitamsikia.

Nikaingiza.
Kulikuwa na injini ya mtumbwi, mbali sana.
Kulikuwa na kokoto zinasagana.
Na pumzi yangu, nzito, kama ya ng'ombe zizini usiku.
Hakuna aliyeniita.

Sijui kiganja kilitoka lini.
Nilimwona furukombe juu, anazunguka bila kupiga bawa,
kisha nikamwona Ng'walu, hatua tano kutoka kwangu,
mikono yote miwili kiunoni,
anadai chapati zake kwa macho.

Bado napiga miguu kama bata aliyefungwa.
Bado usiku siendi, wala mawimbi yakiwa meupe.
Lakini leo alfajiri niliingia hadi kiunoni, hadi kifuani,
beseni kichwani,
nikachagua kwanza.
Mama Kulwa akaniangalia. Hakuuliza.

Kabla ya kugeuka nilisimama kidogo,
nikapapima kwa macho pale mahali,
kutoka mlangoni hadi jikoni.

Ningefika.